Maandishi ya Ubavuni: Historia ya Alama za Tairi la Gari

Ubavuni mwa tairi la gari dogo linalouzwa leo, iwe Dar es Salaam, Mombasa, Lubumbashi au Muscat, hukutwa mstari wa tarakimu na herufi unaofanana na huu: 205/55 R 16 91V. Mstari huo mfupi umekusanya vipimo visivyo vya ukoo mmoja, kwa kuwa upana wa tairi umetajwa kwa milimita, kimo chake kwa asilimia, na kipenyo cha rimu, ambayo mafundi wengi huiita ringi, kwa inchi. Kisha hufuata namba inayoonyesha nafasi katika jedwali, na mwishoni herufi ambayo mtu asiyefundishwa hawezi kuikisia maana yake. Hakuna mhandisi ambaye angebuni mfumo wa namna hiyo kwa siku moja. Mfumo huu ulikua kidogo kidogo kwa muda wa takriban karne nzima, na kila alama iliongezwa kujibu swali lililokuwa limewashinda watu wa wakati wake: tairi litaingiaje kwenye gurudumu, litabeba mzigo kiasi gani, litastahimili mwendo gani, na nani atawajibika likipasuka. Anayejua alama hizo zilikotoka huzielewa na kuzikumbuka vizuri kuliko anayekariri jedwali.

Chanzo cha yote ni mpira wenyewe. Utomvu wa mpira ulijulikana tangu zamani, lakini bidhaa zilizotengenezwa nao zililainika na kunata wakati wa joto, na zikakakamaa wakati wa baridi, mpaka Mmarekani Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kwamba mpira uliochanganywa na salfa kisha kupikwa kwa moto hupata uimara usioyumbishwa na hali ya hewa. Mwaka 1845 Robert William Thomson, mhandisi wa Uskoti, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, kwa ajili ya gurudumu lenye mpira uliojazwa upepo, lakini uvumbuzi wake haukupata soko, na jambo hilohilo lilibuniwa upya mwaka 1888 na John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, safari hii kwa ajili ya baiskeli. Matairi ya kwanza ya Dunlop yalibandikwa kwa gundi kwenye gurudumu, kiasi kwamba kuziba pancha ilikuwa kazi ya saa nyingi. Ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, walitoa mwaka 1891 tairi la baiskeli linaloweza kuvuliwa na kurudishwa, na mwaka 1895 wakaingiza gari lenye matairi ya upepo katika mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi.

Hatua hiyo ya kulitenga tairi na gurudumu ndiyo iliyozaa haja ya vipimo. Tairi lililogandishwa kwenye gurudumu lake halikuhitaji kutajwa saizi, kwa kuwa vitu hivyo viwili viliuzwa kama kitu kimoja. Lakini tairi lilipokuwa bidhaa inayosimama peke yake, inayotengenezwa na kampuni moja ili ivishwe gurudumu la kampuni nyingine, muuzaji na mnunuzi walihitaji maneno ya kuelewana wasiyoweza kuyafuta wala kuyapoteza. Mahali pa kuyaweka palipatikana palepale, kwa sababu tairi hupikwa ndani ya kalibu ya chuma, na herufi zilizochongwa katika kalibu hutokea ubavuni zikiwa sehemu ya mpira wenyewe.

Kabla ya kueleza kilichoandikwa, ni haki kutaja kisichoandikwa. Njaa ya dunia kwa mpira, iliyochochewa kwanza na baiskeli na baadaye na magari, iliangukia misitu ya Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kuanzia mwaka 1885 hadi 1908, ambako wanakijiji walilazimishwa kukusanya utomvu kwa viboko, kwa kutekwa wake zao na kwa mauaji. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani nako mashamba makubwa ya mpira yalipandwa, hasa katika eneo la Tanga, yakategemea jasho la vibarua waliotoka mbali, kisha yakaporomoka mwaka 1913 bei iliposhuka kwa sababu ya mpira wa mashamba ya Asia. Enzi hizo hakuna alama yoyote iliyowekwa ubavuni kumweleza mnunuzi utomvu ulitoka wapi na ulikamuliwa na nani, na ukimya huo ni sehemu ya historia ya maandishi haya kama zilivyo herufi zake.

Saizi za kwanza zilitaja kipenyo cha nje cha tairi likiwa limejaa upepo. Gari la Ford Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908, lilivaa matairi ya 30×3 mbele na 30×3½ nyuma, na maana yake ilikuwa inchi 30 kutoka ukingo hadi ukingo wa nje, na inchi 3 au 3½ za unene wa tairi. Aliyetaka kujua kipenyo cha rimu alilazimika kukokotoa mwenyewe: kutoka 30 aliondoa 3½ mara mbili, kwa kuwa tairi lina unene juu na chini, akapata 23. Huko Ulaya hesabu ilikuwa ileile, ila kwa milimita, kama katika saizi za 710×90 na 815×105. Utaratibu huu ulifaa maadamu kimo cha tairi kililingana na unene wake, lakini ulikuwa na utata wa kumchanganya mnunuzi, kwani tairi la 31×4, ambalo kwa jina lilionekana kuwa la gurudumu jingine kabisa, liliingia kwenye rimu ileile ya inchi 23 iliyovaa tairi la 30×3½.

Utata huo ulizidi mwaka 1923 yalipoanza kuenea matairi manene yenye upepo mdogo, yaliyotengenezwa ili kupunguza mtikisiko kwenye barabara mbovu. Kampuni zilianza kuacha kipenyo cha nje na kutaja moja kwa moja kile ambacho hakibadiliki, yaani rimu, hivi kwamba tairi lililoitwa 29×4.40 likaja kuitwa 4.40-21: unene wa inchi 4.40 juu ya rimu ya inchi 21. Ford Model A ya mwaka 1928 ilitoka na matairi ya 4.50-21, na kufikia mwaka 1930 ilikuwa na 4.75-19. Mpangilio huu wa unene kwanza na rimu baadaye haujaondoka hadi leo. Madereva wa malori na magari ya mashamba katika Afrika Mashariki wanaufahamu vizuri kupitia saizi kama 7.50-16, iliyovaliwa na Land Rover nyingi, na 9.00-20 au 10.00-20 za malori, na ndiyo sababu mtu anayeuliza tairi dukani hutaja ringi kwa inchi bila kujali kwamba vipimo vingine vyote maishani mwake ni vya mita.

Wakati huohuo uwezo wa tairi kubeba mzigo ulitafutiwa namna yake ya kuandikwa. Mwili wa tairi hujengwa kwa matabaka ya nyuzi zilizopakwa mpira, na katika enzi ambayo nyuzi zote zilikuwa za pamba, kutaja idadi ya matabaka kulitosha kueleza nguvu yake, kwa kuwa tairi la matabaka manane lilibeba zaidi kuliko la matabaka sita. Zilipokuja nyuzi za viwandani, kwanza za reyoni na baadaye za nailoni, ambazo ni imara kuliko pamba, matabaka machache yaliweza kufanya kazi ya mengi. Watengenezaji hawakutaka kuwapokonya wateja lugha waliyoizoea, kwa hiyo herufi PR, zinazoonekana hadi sasa kwenye matairi ya malori katika maandishi kama 14PR, zikabaki zikiwa na maana mpya: tairi hili lina nguvu ya tairi la pamba la matabaka 14, hata kama ndani yake matabaka ni machache kuliko hayo. Dereva anayeamini kwamba tairi la 14PR lina matabaka 14 anasoma maana iliyokwisha kupitwa na wakati.

Badiliko kubwa kuliko yote lilitokea Clermont-Ferrand, Ufaransa, makao makuu ya kampuni ya Michelin, ambayo tarehe 4 Juni 1946 iliomba hataza ya tairi la namna mpya na kuanza kuliuza mwaka 1949 kwa jina la X. Hadi wakati huo nyuzi za tairi zilipangwa kimshazari, tabaka moja likikatiza jingine, na tairi lilipoviringika matabaka hayo yalisuguana na kuzalisha joto. Katika tairi jipya, linaloitwa radiali, nyuzi zilikwenda moja kwa moja kutoka ukingo mmoja wa rimu hadi mwingine, na sehemu inayokanyaga barabara ikafungwa mkanda wa nyaya za chuma, hivyo ubavu ukawa mlaini na uso wa chini ukawa mgumu. Tairi hilo lilidumu muda mrefu zaidi, likapunguza matumizi ya mafuta na likashika barabara vizuri zaidi kwenye kona. Hiyo ndiyo R iliyosimama katikati ya mstari, ambayo watu wengi huidhani kuwa ni kifupi cha rimu kwa sababu hutangulia namba ya rimu. Haja ya kuiandika ilikuwa ya usalama, kwa maana gari lililovaa radiali upande mmoja wa ekseli na tairi la mshazari upande wa pili huyumba vibaya linapopinda au kufunga breki.

Radiali ndizo zilizoleta pia ndoa ya milimita na inchi. Wahandisi wa Ulaya walipima upana wa tairi lao jipya kwa milimita, kama desturi ya nchi zao, lakini walilazimika kulivisha kwenye rimu zilizokuwa zimekwisha kuenea duniani kwa inchi, na hivyo zikazaliwa saizi kama 165 R 13. Katika miaka ya 1970 Michelin yenyewe ilijaribu kumaliza mchanganyiko huo kwa tairi la TRX, ambalo rimu zake zilikuwa za milimita 365, 390 na 415, lakini aliyekuwa na gari la namna hiyo alijikuta hawezi kuvaa tairi la kampuni nyingine kwa urahisi, na soko likakataa. Inchi ilibaki kwa sababu kuibadilisha kungegharimu kila mwenye gari, kila fundi na kila kiwanda, wala haikubaki kwa ubora wowote wa kipimo chenyewe.

Asilimia iliingia baadaye kidogo. Radiali za kwanza zilikuwa na kimo cha takriban asilimia 80 ya upana wake, na kwa kuwa zote zilifanana hapakuwa na haja ya kuandika hivyo. Magari yalipoongezewa mwendo, watengenezaji walitaka matairi mapana na mafupi yasiyolala kwenye kona, na tairi la upana uleule likaanza kupatikana kwa vimo tofauti. Marekani ilipitia mfumo wake wa herufi, kama ER78-14, ambapo E ilitaja uwezo wa kubeba na 78 ilitaja kimo kwa asilimia ya upana, kabla ya kukubali, mwishoni mwa miaka ya 1970, upana wa milimita ukitanguliwa na herufi P. Katika mfano wetu, 55 ina maana kwamba ubavu una kimo cha asilimia 55 ya milimita 205, yaani milimita 112.75. Ukizidisha mara mbili, kwa juu na chini, kisha ukaongeza rimu ya inchi 16, ambayo ni milimita 406.4, unapata kipenyo cha nje cha takriban milimita 632. Kwa njia hii kile kipenyo cha nje kilichoandikwa waziwazi enzi za Model T sasa hupatikana kwa hesabu, na hesabu hiyo ina faida ya moja kwa moja, kwa kuwa tairi lenye kipenyo tofauti na kilichokusudiwa huifanya spidomita iseme uongo.

Herufi ya mwisho ilizaliwa na barabara za kasi za Ulaya. Tairi linapokwenda kwa mwendo mkubwa hupata joto, na joto likipita kiasi huachanisha matabaka yake. Kwa hiyo katika miaka ya 1960 matairi ya Ulaya yaligawanywa katika madaraja matatu, S kwa mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa, H kwa 210, na V kwa zaidi ya hapo. Baadaye madaraja yaliongezwa kwa kufuata alfabeti, Q ikiwa 160, R 170, T 190 na U 200, lakini H ilikuwa imekwisha kujulikana kwa 210 na haikuwezekana kuihamisha, ndiyo maana hadi leo inakaa kati ya U na V kinyume cha mpangilio wa herufi. V yenyewe iliwekewa kikomo cha 240, kisha zikafuata W ya 270 na Y ya 300. Namba inayoitangulia herufi hiyo ni namba ya mzigo, ambayo husomwa katika jedwali la kimataifa: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, na kila hatua moja ya juu huongeza takriban asilimia 3, hivi kwamba 115 ni kilo 1,215, karibu mara mbili.

Hadi kufikia hapo maandishi mengi yalikuwa mapatano ya wafanyabiashara na wahandisi. Serikali ziliingia pale vifo vya barabarani vilipokuwa suala la kisiasa. Marekani ilitunga sheria ya usalama wa magari mwaka 1966, na kiwango cha matairi chini ya sheria hiyo kikaanza kutumika mwaka 1968, kikimlazimisha mtengenezaji kuandika mzigo wa juu, upepo wa juu, pamoja na idadi halisi ya matabaka na aina ya nyuzi zake, na kuweka herufi DOT kama tamko lake mwenyewe kwamba tairi limetimiza masharti. Ulaya ilichukua njia nyingine. Chini ya Mapatano ya Geneva ya mwaka 1958 yaliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa, Kanuni namba 30, iliyoanza kutumika mwaka 1975, ilitaka tairi lijaribiwe na kupitishwa na mamlaka ya nchi mwanachama kabla ya kuuzwa, na alama yake ni herufi E pamoja na namba ya nchi ndani ya duara: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza. Wanunuzi wengi huisoma E4 kana kwamba tairi limetengenezwa Uholanzi, ilhali inataja nchi iliyoidhinisha tu, na tairi lenyewe linaweza kuwa la kiwanda chochote cha Asia. Kwa kuwa kalibu moja hutumika kwa masoko mengi, alama za dola mbalimbali hukutana ubavuni pamoja, na ndiyo sababu tairi linalouzwa Kariakoo hubeba hata madaraja ya Marekani ya uchakavu, mshiko na joto.

Baada ya DOT hufuata mfululizo wa herufi na tarakimu ulioanza kudaiwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, unaotaja kiwanda, saizi, na mwishoni wakati wa kutengenezwa. Kwa karibu miaka 30 wakati huo uliandikwa kwa tarakimu tatu, mbili za wiki na moja ya mwaka, hivyo 328 ilikuwa wiki ya 32 ya mwaka 1978 au ya mwaka 1988 bila njia ya uhakika ya kutofautisha. Kasoro hiyo iliachwa kwa sababu ilidhaniwa kwamba tairi haliwezi kuishi miaka kumi. Dhana hiyo haikuwa kweli kwa tairi la akiba, wala kwa gari linalotumika kwa nadra, wala kwa nchi zinazonunua matairi yaliyokwisha kutumika kwingine. Kuanzia mwaka 2000 tarakimu zikawa nne, na sasa 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mwaka huohuo wa 2000, mwezi Agosti, kampuni ya Firestone iliyarudisha matairi takriban milioni 6.5 nchini Marekani baada ya matairi yaliyoachana matabaka kuhusishwa na vifo vingi, hasa katika magari ya Ford Explorer, na wenye magari walilazimika kuinama na kusoma ubavu ili kujua kama tairi lao lilitoka katika kiwanda kinachohusika. Sheria mpya ya tarehe 1 Novemba 2000 ilisisitiza wajibu wa kampuni kutoa taarifa mapema.

Afrika Mashariki ilikuwa na sehemu yake katika utengenezaji. Kiwanda cha Firestone kilifanya kazi Nairobi, na cha General Tyre kilianza uzalishaji Arusha mwaka 1971, na kwa miongo kadhaa matairi mengi ya eneo hili yalitoka huko kabla ya viwanda hivyo kusimama. Soko lililobaki hutegemea matairi mapya kutoka Asia, mengi yakipitia Dubai, matairi yanayofika yakiwa yamevaliwa na magari yaliyotumika Japani, na matairi ya mtumba. Katika soko la namna hii maandishi ya ubavuni yana uzito kuliko nchi ambako mnunuzi hulindwa na muuzaji mwenye leseni na mkaguzi makini. Tairi la mtumba linaweza kuwa na mifereji mirefu, likang'arishwa kwa dawa hadi likapendeza machoni, huku mpira wake umezeeka na kupoteza uwezo wa kunyumbuka, na jicho haliwezi kuligundua hilo kama linavyogundua kipara. Tarakimu nne husema ukweli huo waziwazi. Halikadhalika herufi TWI zilizo begani mwa tairi huelekeza kwenye vinundu vidogo ndani ya mifereji, vyenye kimo cha milimita 1.6, na uso wa tairi ukilingana navyo, tairi limekwisha.

Kwa hiyo si sahihi kuyaona maandishi haya kuwa siri ya mafundi au urembo wa kiwanda. Kila alama ililipiwa: nyingine kwa hasara ya wafanyabiashara walioshindwa kuelewana, nyingine kwa bidii ya wahandisi, na nyingine kwa roho za wasafiri. Vyombo vinavyosimamia ubora wa bidhaa na polisi wa barabarani wana wajibu wa kuyafundisha kwa Kiswahili chepesi katika vyuo vya udereva na katika vituo vya mabasi, na mnunuzi ana haki ya kuinama na kuyasoma kabla ya kulipa. Asome saizi, alinganishe namba ya mzigo na herufi ya mwendo na zile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kisha atafute neno DOT na tarakimu nne za mwisho. Na muuzaji akisema tairi ni jipya huku tarakimu zikionyesha kwamba limepita miaka kumi, aziamini tarakimu.